Ndoto za Msimu wa Tumbaku

Cheyo, Tabora
Machi, mvua bado zinatunyeshea

Kaka yangu Shilinde,

Shikamoo. Naitanguliza heshima yako kama tulivyofunzwa nyumbani, marahaba utaitikia siku barua itakapokufikia. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Unakula vizuri, unalala vizuri? Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima ila miguu inamvimba jioni. Shemeji yako Justus ni mzima na amenenepa, ukimwambia hivyo ananuna. Mimi ni mzima pia, na mdomo wangu ni uleule uliokuwa ukikuchosha.

Utashangaa kupokea karatasi zama hizi za simu. Namba yako ya zamani haipatikani, na ile nyingine uliyotupatia hupokelewa na mama mmoja wa Mbozi asiyekufahamu kabisa. Nimempigia mara nyingi mpaka tumekuwa marafiki, sasa hunijulia hali ya nyumbani kabla sijamuuliza habari zako. Kuna kijana wa kwetu Usoke aliyerudi kutoka huko machimbo ya dhahabu akasema alikuona Makongolosi ukinunua viatu vya mpira, lakini hakukumbuka ni lini. Basi barua hii nimempa Godbless, dereva wa lori wa pale Kanyenye, anayepeleka mchele na asali kwa njia ya Sikonge na Rungwa mpaka huko kwenu. Ameahidi kukuulizia duka kwa duka. Sikulaumu kwa kunyamaza, kaka. Najua machimboni mtu asiyepata huona haya kupiga simu nyumbani, na wewe haya zako nazijua tangu utoto. Ninachokuomba ni usome barua yote bila kuruka, maana neno langu kubwa liko mbele huko na halieleweki bila haya ya mwanzo.

Habari ya kwanza ni kwamba umekuwa mjomba. Nimejifungua mtoto wa kiume, mwisho wa kiangazi kilichopita. Ana paji la uso la baba yetu marehemu na sauti ya mpiga debe wa stendi. Anakaa mwenyewe, anatambaa, anakula udongo tukigeuka. Ila hana jina. Mpaka leo tunamwita Mtoto, na Justus ameanza kunitania kwamba ataanza darasa la kwanza akiitwa Mtoto na kuoa akiitwa Mtoto.

Unajua kwetu jina haliokotwi. Jina la kanisani tunaweza kuchagua wenyewe, lakini jina la nyumbani huletwa na mama kutoka usingizini. Utakumbuka tulivyokuwa tukimvizia asubuhi. Akiamka na ndoto hakuwa akisema na mtu yeyote mpaka asukutue maji na kuyapuliza mlangoni, na sisi tukiona anayapuliza tulijua kuna jina. Alituambia kanuni yake mara nyingi: atakayekuja ndotoni akaomba maji ya kunywa, akampakata mtoto, huyo ndiye mwenye jina. Na wanaokuja ni wafu tu. Katika maisha yake yote, alisema, hajawahi kumwona mtu aliye hai akifanya hivyo. Ndivyo wewe ulivyopewa la babu yake mama, na mimi nikapewa Nyamizi la bibi aliyefariki akienda kuteka maji.

Sasa mama yuko kwangu Cheyo tangu baba mdogo Masanja alipochukua shamba la Usoke. Mtoto alipozaliwa alifurahi sana, akafua kanga zake zote, akawa analala mapema kama mtu anayewahi safari. Asubuhi hakuna kitu. Wiki zikapita, hakuna. Nilidhani ni kelele za mji, nikamhamishia chumba cha nyuma, hakuna. Akaanza kunyamaza. Chakula anakidonoa. Akawa anakaa kizingitini mtoto akiwa mapajani, macho barabarani, na siku moja akaniambia kwa Kinyamwezi, taratibu tu, kwamba watu wake wamemtupa. Alisema amehama Usoke bila kuwaaga, wamefika wakakuta kitanda kitupu, wakaondoka. Kaka, niliumia. Mama aliyezika wazazi, dada zake na mume bila kuyumba, sasa nilimwona anayumba, kwa sababu ya usingizi mtupu.

Ndipo udadisi wangu ulipoamka. Unanijua, ndiyo maana niliishia kufundisha baiolojia. Nikataka kujua ndoto ni nini hasa na inatoka wapi, ili nione kama inaweza kurudishwa. Nikaanza kumuuliza kila mtu.

Wa kwanza alikuwa Justus, kwa kuwa nilikuwa naye mezani. Yeye alisema Mungu husema na watu ndotoni, na akanitajia wale wote wa kwenye Biblia, Yusufu na ng'ombe wake wanene na waliokonda. Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe kila siku anaota amechelewa treni, Mungu anamwambia nini hapo. Akafikiri, akasema labda anaambiwa awahi.

Asmahani, jirani anayeuza vitenge pale Kanyenye, alinipa maelezo yaliyopangika zaidi. Kwa mafundisho yao ndoto ziko za namna tatu. Iko njema itokayo kwa Mungu, iko ya kutisha itokayo kwa shetani, na iko ile ya nafsi ya mtu mwenyewe, mambo aliyoshinda nayo mchana yakimfuata kitandani. Njema usimsimulie ila anayekupenda. Mbaya usimsimulie mtu, geukia ubavu wa pili uombe kinga. Nilipenda sana hiyo ya tatu. Nikamuuliza mtu atajuaje hii ni ya aina gani. Alicheka, akasema hapo ndipo kazi ilipo, na kwamba wenye elimu ya kufasiri hawakai sokoni.

Mwalimu Nestory wa historia, ambaye ukimgusa tu anarudi zama za misafara, alinieleza yaliyosimuliwa ukoo wao. Anasema babu wa babu yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, na kwamba mpagazi akiamka na ndoto mbaya alikataa kunyanyua mzigo, hata apigwe, na wenzake walimwelewa. Sijui kama ni kweli, Nestory hupenda kuongeza chumvi. Lakini nilibaki nawaza wale watu waliotembea nchi nzima, jioni wamelala chini wamechoka, kila mmoja na ndoto yake, na asubuhi mkuu wa msafara anasubiri kusikia wameota nini.

Vitabu vyangu vinasema vingine kabisa. Vinasema usingizi una vipindi, na katika kimojawapo macho hucheza chini ya kope huku mwili umelegea, na hapo ndipo ndoto nyingi na zilizo wazi zaidi hutokea. Wako wanaodhani ubongo huwa unapanga kumbukumbu za mchana, kama mama anavyopanga michembe, vile viazi vya kukausha, hii ya kuweka, hii ya kutupa. Wengine wanasema tunajizoeza hatari tukiwa salama kitandani, ndiyo maana watu wengi huota wanafukuzwa. Wengine wa zamani walisema kila ndoto ni tamaa iliyojifunika shuka. Na wengine wanasema haina maana yoyote, ni ubongo unapiga kelele na sisi tunatunga hadithi tukiamka. Hakuna aliyethibitisha, kaka. Watu wamepeleka vyombo mwezini na bado hawajui kwa nini wanaota. Nilifurahi sana kuligundua hilo, sijui kwa nini.

Nikawauliza na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nusu huota mtihani, wengine huota wamefika shuleni bila suruali. Binti mmoja wa kutoka Nzega alisema anashinda akisema Kiswahili, lakini ndotoni watu wote, hata mkuu wa shule, wanasema Kisukuma. Darasa zima lilicheka, lakini mimi niliduwaa, kwa sababu wafu wa mama nao hawajawahi kumsemesha Kiswahili.

Jibu, au nilichodhani ni jibu, lilinijia kwa njia ya uvivu. Nilikuwa nampaka mama mafuta miguuni nikamwomba anihesabie majina yetu na namna yalivyokuja, ili tu azungumze. Akachangamka. Akasimulia la kwako, la kwangu, la watoto wa baba mdogo, la mtoto wa jirani wa Usoke ambaye aliombwa amwotee. Na kila alipoanza kusimulia alianza na mvua. Mvua ilikuwa inanyesha. Paa lilikuwa linavuja. Mimi mwenyewe nilizaliwa Juni, nikaitwa Mtoto mpaka Februari. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyekuja kiangazi hata mara moja. Alinijibu kama anayemjibu mwanafunzi mzito, kwamba wafu wanapenda mvua, kila mtu anajua.

Mvua, kaka. Na Usoke wakati wa mvua kuna nini? Kuna tumbaku. Mama alikuwa akishinda tangu alfajiri akichuma majani mabichi yanayotiririka maji, halafu akikaa mlangoni mwa bani, kile kibanda cha kukaushia kwa moto, akiyafunga kwenye fito yapandishwe, kanga imelowa, mikono myeusi kwa ule utomvu usiotoka hata kwa majivu. Tukilala tulikuwa tunasikia harufu yake chumba kizima.

Nikampigia Apolinaria, yule niliyesoma naye, ambaye sasa ni tabibu kule Urambo. Sikumweleza habari za majina, nilimuuliza tu msimu wa kuchuma watu wanakuja na maradhi gani. Alisema wanakuja wametapika, wana kizunguzungu, kichwa kinagonga, na wengi wanadhani ni malaria. Sumu ya tumbaku huingia kwa ngozi, jani likiwa limelowa ndiyo kabisa. Halafu bila kuulizwa akasema wengine hulalamika ndoto, ndoto kali zenye rangi. Alisema hata wanaobandikwa dawa ya kuacha sigara huambiwa mapema kwamba wanaweza kuota sana. Nilikata simu kwa furaha. Nilijiona nimegundua jambo lililomzidi Nestory na misafara yake.

Sasa ningefanya nini na ugunduzi huo? Kumwambia mama kwamba watu wake walikuwa ni majani? Nisingeweza, na wala sikuwa na hakika. Nikaona bora nijaribu. Likizo fupi ilipofika nikamwambia twende Usoke tukamsalimie baba mdogo na tumwonyeshe mtoto. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tulipanda basi la Urambo, mama dirishani, na tulipoanza kuona mashamba alikaa wima kama msichana.

Baba mdogo Masanja alitupokea vizuri. Alikuwa kazini, mabani mawili yanawaka, fito zimesimama ukutani zikisubiri. Mama hakungoja kukaribishwa. Aliniachia mtoto, akavuta kigoda chake cha zamani mpaka mlangoni mwa bani, akaanza kufunga majani, na vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Baadaye mtoto alilala nikakaa kando ya mama nikifunga na mimi. Tulishinda hapo hadi jioni. Na tulizungumza habari zako, kaka, karibu muda wote. Mama alikumbuka ulivyoanguka na fito bega zima likachubuka, ulivyokuwa ukijificha humo bani usiende shule, ulivyosimama palepale mlangoni siku ya kuondoka ukasema utarudi ukiwa na bati za nyumba nzima. Baba mdogo alikuwa anachochea moto. Nilipomuuliza kama na yeye huota msimu huu, alisema huota anaruka juu ya barabara ya Urambo kama ndege, kila mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba jina.

Asubuhi mama alitoka nje akaomba maji ya kusukutua. Nilimpa mwenyewe. Simu nilikuwa nimeishika tayari nimwambie Justus tumepata jina. Nikasubiri ayapulize mlangoni. Hakuyapuliza. Aliyamwaga chini pole pole, akavua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni kama wafanyavyo wanawake wanaokwenda msibani. Nikamuuliza ni nani aliyekuja.

Ulikuwa wewe, Shilinde.

Mama anasema ulisimama mlangoni mwa bani, miguu mitupu, shati la bluu. Hukuingia. Uliomba maji, akakupa kwenye kata, ukanywa yote. Halafu ukanyoosha mikono ukampakata mtoto, ukamtazama sana. Hakuwa na lingine la kueleza. Kwake lilikuwa limekwisha: anayeomba maji na kumpakata mtoto ni mfu, na sasa alijua kwa nini simu yako inapokelewa na mama wa Mbozi. Hakulia kwa sauti. Alikaa chini akanyoosha miguu, akawa anaita jina lako tu.

Hapo ndipo nilipomwaga yote. Nilimweleza habari za tumbaku, sumu, ngozi, Apolinaria, kiangazi na mvua. Niliongea kama niko mbele ya darasa, huku machozi yananitoka. Nilimwambia mimi ndiye niliyemleta makusudi aote, na kwamba alikuota wewe kwa kuwa tulishinda tukikutaja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo. Alisema inawezekana kabisa tumbaku ndiyo inayowaleta, yeye hakuwahi kuuliza wanakuja na nini. Alisema mgeni akija kwa basi, hatusemi basi ndilo lililokuja kututembelea.

Uamuzi wake ni huu. Baba mdogo akishamaliza kukausha majani ya mwisho, turudi Usoke, mtoto apewe jina Shilinde, na wewe ukorogewe unga na maji umwagiwe mlangoni kama tulivyomfanyia baba alipofariki. Justus aliposikia hakulipenda, maana kwa upande wake ni kuwekwa msiba wa mtu asiyejulikana kama amekufa. Nimemsihi mama kwa kila namna. Mwishowe amekubali kusubiri mpaka Godbless arudi. Alisema jambo moja ambalo nimelishika kama dawa: kama uko hai, basi ulikuja kumtazama mpwa wako, na mjomba aliye hai hana haja ya kuomba mtoto apewe jina lake. Anaweza kumpa mtoto jina lingine kwa kinywa chake, na yeye mama atalipokea kana kwamba ameliota.

Nina jambo ambalo sijamwambia mama, wala Justus, wala Asmahani anayeniangalia siku hizi kama anajua. Nakuambia wewe peke yako. Usiku ule mimi pia nilikuota. Ulikuwa mlangoni palepale. Nakumbuka uliomba maji, na nikaamka kabla sijakupa. Nikimwambia mama, kwake itakuwa ushahidi wa pili na hatasubiri lori lolote. Na mimi mwenyewe sijui niamini nini. Mikono yangu ilikuwa myeusi kama yake, tulikuwa tumeongea yaleyale, tumekaa mlango uleule. Tena nilipoamka nilikuwa na picha ya sura yako tu, na habari ya maji nimeikumbuka baada ya mama kusimulia. Inawezekana niliichukua kwake bila kujua, ubongo hufanya hivyo. Nimejaribu kurudi nyuma kuitazama ndoto yenyewe kabla ya maneno ya mama, na siioni tena.

Lakini nimeshinda nikifikiri, na nimepata maelezo yangu mwenyewe ambayo sijayakuta kitabuni. Nadhani tumbaku huamsha ndoto tu, haimchagui mtu. Anayechagua ni mama. Huwaota aliowakosa, na miaka yote aliokuwa amewakosa sana walikuwa wafu, kwa hiyo akadhani wafu pekee ndio wajao. Hakuwa na mtu aliye hai wa kumkosa kiasi hicho, mpaka ulipoondoka wewe. Nimeligeuza geuza kila upande na naliona limesimama. Ila maelezo mazuri hayatoshi, kaka, na ninakiri kwamba hili nalitaka liwe kweli kuliko nilivyotaka lolote nililowahi kufundisha. Anayeweza kulithibitisha ni wewe tu.

Kule mwanzo nimekuuliza u hali gani, kama barua zote zinavyouliza. Naomba urudi pale juu ulisome swali lile tena, polepole, kisha ulijibu. Usijali kama hujapata bati hata moja. Usijali viatu. Hakuna anayekungoja uje na mzigo. Mpe Godbless jina la mtoto, jina lolote ila la kwako, aliandike kwenye mkono wake kama hana karatasi, au mwambie akupigie Justus kwa simu yake, namba anayo. Mama atataka kukusikia ukikohoa, anasema kikohozi chako anakijua.

Anakusalimu sana, amekaa hapa kizingitini na hajui ninaandika nini, amesema tu nikuandikie uvae shati zito. Justus anakusalimu. Baba mdogo Masanja anakusalimu, na Asmahani, asiyekufahamu, anakuombea. Mpwa wako amenivuta karatasi hii mara mbili, hiyo alama ya mate pembeni ni salamu yake.

Mtoto bado anaitwa Mtoto. Tunakusubiri umpe jina.

Mdogo wako akupendaye,
Levina Nyamizi